Mikroni Mbili

Daktari kijana wa kliniki alimuuliza Seremala kwa mara ya tatu kama anakunywa pombe, na safari hii hakumtazama yeye. Alimtazama mkewe.

"Nyumbani sijamwona," Mama alisema.

Alilitamka kwa upole, akiwa amekumbatia mkoba wake mapajani, lakini lile neno nyumbani lilibaki chumbani kama mtu wa tano. Seremala aligeuza shingo kumtazama.

"Sinywi," alisema. "Wala nyumbani, wala nje."

Ulimi wake ulikuwa umevimba kwa miezi mingi, umemjaa mdomoni kama kitambaa, na maneno yakitoka yalitoka yamekunjamana. Aliyemsikia bila kumwona angeapa kwamba anamsikia mtu aliyeamkia kilabuni. Daktari aliandika. Binti yao, aliyekuwa amesimama kando ya meza kwa sababu viti vilikuwa viwili tu, aliyasoma maandishi yale yakiwa yamepinduka, kichwa chini miguu juu: Ini limevimba. Miguu imejaa maji. Mikono ina ganzi. Pombe? Ile alama ya kuuliza ilikuwa ndogo mno, kama mwandishi alikuwa na haraka ya kufika mahali ambapo haitahitajika tena.

"Dada, si wewe ni wa hapa hapa, maabara?" daktari alimwambia. "Unajua basi. Tulidhani ni ule ugonjwa wa utando unaojijenga kwenye nyama za mwili, ndiyo maana tukamkata kipande kidogo cha nyama mdomoni. Majibu yalirudi safi. Hakuna kitu."

"Ndiyo, Daktari," binti alisema. "Kwenye mashine nilikikata mimi mwenyewe."

Alilisema hilo kama mtu anayetoa dhamana.

*

Kazini walimwita Wembe. Jina lilimkaa vibaya, maana alikuwa msichana wa kuongea chini chini na kuomba radhi hata alipokanyagwa yeye. Lakini akikaa kwenye mashine ya kukatia, jina lilipata mwenyewe. Nyama ya mgonjwa hugandishwa ndani ya kipande cha nta, nta hufungwa kwenye mashine, mashine huzungushwa kwa mkono, na kisu hutoa utepe mwembamba unaoelea juu ya maji ya uvuguvugu ukisubiri kuokotwa na kioo kidogo, slaidi. Wenzake walikata unene wa mikroni nne. Wembe alikata tatu. Siku akiwa ametulia, alikata mbili, na utepe wake ukitua majini ulikuwa hauonekani mpaka uinamishe kichwa.

Hakuyatoa mbali. Alikuwa mtoto wa miaka sita alipoanza kukaa chini ya meza ya baba yake, akiokota maranda yaliyodondoka kutoka kwenye randa. Seremala alikuwa na mchezo wake: alipitisha randa mara moja tu kutoka ncha hii ya ubao hadi ile, akalinyanyua lile randa la ubao lililotoka, refu, lisilokatika, akaliweka mbele ya jicho la mtoto. "Unaniona?" "Nakuona, Baba." "Basi hilo ndilo randa. Lile ambalo hunioni kupitia kwake, hilo ni kuni."

Kwa hiyo kinyama cha baba yake, kidogo kama punje ya mchele, kilipofika maabara ndani ya kichupa, Wembe hakumwachia mtu. Alibadilisha kisu akaweka kipya. Aliilaza nta kwenye barafu mara mbili. Alipumua nje, akashika pumzi, akazungusha. Mikroni mbili. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukata kitu kizuri namna ile. Alikitia ile rangi nyekundu inayotafuta utando wa ugonjwa ule, akakipeleka kwa Dokta, yule mama wa miwani minene aliyekuwa mkuu wao, akasimama mlangoni akisubiri kama mtoto anayesahihishiwa hesabu.

Dokta alitazama kwa muda mrefu. "Kazi safi kama kawaida yako," alisema. "Hakuna kitu hapa, mwanangu. Pole, au hongera, sijui niseme ipi."

*

Kesho yake baada ya kliniki, Mama aliingia karakana wakati mumewe amelala. Karakana ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao hiyo hiyo, na ndani yake kulikuwa na kabati la milango miwili ambalo Seremala alimtengenezea binti yake la kuwekea vitabu. Lilikuwa limekwisha, limebaki kupakwa vanishi. Juu ya rafu kulikuwa na chupa ya spiriti ya kuchanganyia vanishi hiyo, imezibwa kwa kitambaa kilichosokotwa, maana kizibo chake kilipotea zamani. Mama aliinusa. Kisha akachukua penseli ya mumewe, ile bapa ya kuchoria mbao, akaweka mstari mdogo kwenye karatasi ya chupa, pale spiriti ilipoishia.

Baada ya wiki moja spiriti ilikuwa chini ya mstari. Akaweka mwingine. Baada ya wiki nyingine ilikuwa chini tena.

"Sisemi anakunywa," alimwambia Wembe jikoni, akiosha kikombe ambacho kilishakuwa kisafi. "Nasema inapungua. Kabati halijapakwa hata tone, na chupa inapungua. Niambie wewe uliyesoma, inakwenda wapi?"

"Mama, majirani wasikutie maneno."

"Majirani wana nini? Yule wa duka aliniambia, 'Shemeji jana kanisalimia, sikuambulia kitu, mwambie apunguze.' Apunguze. Nilicheka. Nilisimama pale na chumvi yangu mkononi nikacheka naye." Alikiweka kikombe chini. "Miaka thelathini na moja sijawahi kumnusa na pombe. Sasa nanusa. Kila akilala nanusa. Sijui nanusa nini."

Wembe alikichukua kikombe akakikausha. Tatizo lilikuwa kwamba na yeye alikuwa ameanza kumchunguza. Baba akidondosha kijiko, alitazama macho yake. Baba akiamka na weusi kuzunguka macho, kama mtu aliyepigwa ngumi, alijiuliza kama alianguka, na kama alianguka, kwa nini. Angeweza kumtetea kwa kila mtu lakini si mbele ya slaidi ile. Slaidi ilikuwa imesema hakuna kitu, na slaidi alikuwa ameikata yeye.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Seremala aliacha kwenda karakana, kisha akaacha kufika kibarazani, kisha ikawa safari ya kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani inamgharimu pumzi za asubuhi nzima.

*

Kila slaidi ya mgonjwa inapotiwa ile rangi nyekundu, hutiwa pamoja na nyingine ya kulinganishia, iliyotoka kwa mtu ambaye ilishajulikana kwamba alikuwa na ugonjwa. Ya kulinganishia ikionyesha, unajua rangi ni nzima. Slaidi hizo zilikuwa kwenye sanduku la mbao, zimekatwa zote na mzee aliyekaa kwenye mashine ile kabla ya Wembe. Vipande vyake vilikuwa vinene hata wasichana wa maabara walikuwa wakimsema kwamba alikuwa haikati nyama, alikuwa anakata mikate. Wembe alikuwa akicheka nao, kwa haya, mkono mdomoni.

Siku moja slaidi za sandukuni zikaisha. Wembe akaitoa nta ya zamani yenye nyama ya mtu huyo, akaikata upya kwa namna yake, mikroni mbili, akatia rangi, akampelekea Dokta. Baada ya robo saa akaitwa.

"Wembe, rangi yako imekufa. Ya kulinganishia haionyeshi kitu."

"Nimeichanganya leo asubuhi, Dokta."

"Basi imezaliwa imekufa. Njoo utazame."

Wembe aliweka jicho. Waridi hafifu, sawasawa kila mahali, kama maji yaliyosuuziwa kitambaa chekundu. Dokta akaweka vile vioo viwili vya kuchuja mwanga, kimoja chini ya slaidi na kingine juu yake, akakizungusha cha juu mpaka uwanja wote ukawa giza. Hapo ndipo ugonjwa ule hujitoa wenyewe: utando ulioshika rangi huupinda mwanga na kuwaka kijani, kijani ya jani changa, na kila kitu kingine hubaki gizani. Giza lilikuwa giza. Kijani haikuwepo.

"Na ni nyama ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo," Dokta alisema. "Nilimpima mwenyewe."

Wembe aliendelea kuinama kwenye hadubini ingawa hakuwa akitazama tena. Rangi ilikuwa nzima. Alijua ni nzima. Kilichokuwa tofauti kati ya slaidi za mzee yule na hii ni kitu kimoja tu, na kitu hicho ndicho alichokuwa akisifiwa kila siku. Utando haukuwa mwingi wa kutosha ndani ya mikroni mbili kushika rangi ikaonekana. Mzee hakuwa akikata mikate. Alikuwa anajua.

"Dokta," alisema, bila kuinua kichwa. "Cha baba nilikikata hivi hivi."

Dokta alivua miwani. Hakuifuta, aliishika tu.

*

Ile nta ya Seremala ilitolewa kwenye kabati la kumbukumbu. Nyama iliyobaki ndani yake ilikuwa kama kivuli cha punje.

"Hapa unapata kipande kimoja kinene," Dokta alisema. "Labda viwili. Ukikosea, itabidi tumkate tena, na kwa hali aliyo nayo sitamruhusu mtu amguse. Kabla hatujaitumia, chukua slaidi yako ya zamani uende nayo kwa Mzee Makohozi. Taa yake ya buluu inaona rangi mahali macho yetu yamechoka."

Mzee Makohozi alikaa mwisho wa ujia, kwenye chumba cha giza, akitafuta wadudu wa kifua kikuu kutoka asubuhi hadi jioni. Hadubini yake ilimulika slaidi kwa mwanga mkali wa buluu, na kilichoshika rangi kiling'aa chenyewe kama kaa la moto.

"Karibu disko," alisema aliposikia mlango. "Kiingilio ni makohozi. Umeleta?"

"Shikamoo, Mzee. Nimeleta nyama."

"Marahaba. Nyama? Leo sikukuu." Akaipokea slaidi, akaisogeza, akairudisha nyuma. Alipozungumza tena sauti ya disko ilikuwa imekwisha. "Ni ya nani hii?"

"Ni ya baba."

Akaondoka kwenye kiti akampisha.

Mwanzoni ilikuwa nyeusi tu. Kisha, kuzunguka vishipa vidogo vya damu, Wembe aliona pete. Zilikuwa nyembamba, zimekatika katika, nyekundu ya machungwa, mbili hapa, moja kule, kama sigara za watu waliosimama mbali gizani. Zilikuwepo. Miezi yote ile zilikuwepo kwenye slaidi ile ile ndani ya droo yake.

"Mzee wangu huyu si mlevi," alisema, na akashangaa kwamba hilo ndilo lililomtoka kwanza.

"Nani kasema ni mlevi?"

"Wote. Hata mimi."

Alirudi kwenye mashine yake akaweka kipimo kwenye mikroni kumi. Mkono ulikataa. Kwa miaka sita ulikuwa umefundishwa kuona aibu ya unene. Alizungusha. Kipande kilitoka kizito, kimejikunja ukingoni, kikaanguka kwenye maji kwa sauti ambayo alidhani wote wameisikia. Alikitandaza kwa brashi, akakiokota. Nyuma yake, ndani ya nta, hapakuwa tena na kitu.

Saa kumi alasiri Dokta alizungusha kioo chake cha juu, giza likaingia, na kijani ikawaka. Ilikuwa nzuri sana. Hilo Wembe hakuweza kulisamehe baadaye, kwamba ilikuwa nzuri.

"Nimeisaini mimi ile ya kwanza," Dokta alisema. "Usijibebeshe peke yako. Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza unene."

"Angeanza dawa lini, Dokta?"

"Mwezi ule."

"Na sasa?"

Dokta alianza kuandika majibu mapya. "Sasa moyo umeshajaa utando. Watampa dawa. Mpeleke, watampa."

*

Seremala alikuwa kwenye kiti cha dirishani, miguu juu ya mto. Mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Wembe alikaa sakafuni, mahali pake pa zamani, akamweleza yote bila kuruka: rangi, mzee wa mikate, taa ya buluu, nta tupu. Mikroni mbili aliisema mwisho.

Baba yake aliusogeza mguu juu ya mto. Pumzi yake ilisikika.

"Mikroni ni nini?" aliuliza mwishowe.

"Ukichukua milimita moja ukaigawa mara elfu, Baba. Moja ya hizo."

"Na wewe ulikata mbili."

"Mbili."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Mabega yake yalianza kutikisika, na Wembe aliinuka akidhani ni kifua kimembana. Alikuwa anacheka. "Mimi," alisema kwa ule ulimi wake mzito, akipumzika kila neno, "hata siku moja. Hata nilipokuwa kijana."

"Baba, usinisifu. Tafadhali."

"Sikusifu. Nashangaa tu." Cheko liliisha kama lilivyokuja. "Ningepona?"

Wembe alitaka kusema sijui. "Ungeishi zaidi," alisema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa urefu wa ubao na kuona kwamba hautoshi. Kisha akasema, "Nyumba hii kila mtu anapima. Wewe kwa mashine. Mama yako kwa penseli."

"Unajua?"

"Penseli ni yangu. Mistari nikaiona. Nikaacha kupaka kabati lako ili isishuke." Alivuta pumzi. "Inashuka tu. Spiriti inaruka hewani, na kile kitambaa si kizibo. Lakini ukishawekewa mistari, utaanzaje kusema kwamba inaruka?"

"Mwambie leo. Una cheti cha majibu sasa."

"Mwambie wewe. Mimi nikimwambia kwa ulimi huu, atanusa kwanza."

*

Cheti Mama hakukitaka. Alikishika, akakigeuza, akakirudisha. "Maandishi hata yale ya kwanza yalikuwa maandishi," alisema. "Nionyeshe chenyewe."

Kwa hiyo Wembe aliomba ruhusa, na Mama akaja maabara amevaa gauni la kutokea, mkoba mkononi. Dokta mwenyewe alimpisha kiti. Mama hakujua afumbe jicho lipi. Akafumba yote mawili, akafumbua moja. Dokta akazungusha kioo.

Alitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba wasichana wa maabara waliacha kunong'ona.

"Hii ndiyo pombe yake?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na hii iko mpaka ulimini?"

"Ulimini, mikononi, kwenye ini. Moyoni pia."

Mama alijitoa kwenye hadubini. Alifungua mkoba akatafuta kitu ambacho hakukipata, akaufunga. "Asante, Daktari," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Na ile chupa?"

Wembe akamweleza. Alitikisa kichwa kukubali, haraka haraka, kama tunavyokubali kwa mtu ambaye hatutaki tumchoshe. Hakuuliza tena. Lakini Wembe aliyezoea kutazama vitu vidogo aliona kwamba kijani ilikuwa imemwingia, na habari ya spiriti ilikuwa haijamwingia.

Jioni hiyo, jua likiwa bado liko, Mama aliiendea chupa karakana, akaiweka mbele ya mumewe pamoja na kopo la vanishi na kitambaa cha pamba. "Nifundishe kupaka," alisema.

Walilivuta kabati mpaka chumbani, mama na binti. Seremala alielekeza kutoka kwenye kiti. "Kwa duara," alisema, na Mama akauliza, "Umesemaje?" na Seremala akarudia, na Mama akasogeza sikio mpaka karibu na mdomo wake, karibu kabisa. Hakunusa. Wembe aliona kwamba hakunusa. Walipaka mlango mmoja siku tatu. Mama alipaka vibaya, akaacha michirizi, na Seremala akasema amewahi kuwafukuza vijana kwa michirizi midogo kuliko hiyo.

"Nifukuze," Mama alisema. "Nitakwenda wapi?"

Mlango ulipokwisha, Seremala mwenyewe aliomba penseli. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, ikabidi Mama amshikie mkono, na kwa pamoja wakachora mstari kwenye karatasi ya chupa, chini ya ile mingine. "Alama," alisema. "Usije ukasema nimekunywa." Wakacheka wote watatu, na Mama akacheka mpaka akatoka nje kidogo.

Dawa zilianza wiki iliyofuata. Moyo haukuzisubiri. Alifariki siku ya kumi na tisa, asubuhi, kwenye kiti chake.

*

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Yule wa duka alikuja, akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, na Mama akamshukuru. Chupa ilirudishwa karakana, na karakana ikafungwa kwa wiki nne, ufunguo ukiwa shingoni mwa Mama.

Wembe alirudi kazini. Alibandika karatasi juu ya mashine: Rangi nyekundu, kumi. Alikata vinene, vilivyojikunja ukingoni, na wasichana waliokuja wapya walimtazama wakidhani hajui kazi. Hakuwaeleza. Aliwaonyesha karatasi.

Jumamosi moja Mama alivua ufunguo. "Mlango wa pili umebaki," alisema. "Nifuatie ile chupa."

Wembe aliileta. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani penye mwanga. Mstari wa mwisho, ule wa mikono miwili, uliopinda, ulikuwa pale. Spiriti ilikuwa chini yake kwa upana wa kidole.

Mama aliutazama upana ule. Alitazama kitambaa kilichozibia, kikavu. Alishika ufunguo uliokuwa umeachwa mezani, akauachia.

"Nani ameingia mle?" aliuliza, ingawa alijua.

"Hakuna aliyeingia, Mama."

"Hakuna," alisema Mama.

Akakaa kwenye kiti cha dirishani, ambacho tangu siku ile hakuna aliyekikalia, chupa mapajani, na kidole gumba chake kikawa kinapita juu ya mistari ile, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama kwamba ingewezekana ifutike.